Robota la Mwisho la Nyasi za Watoto

Mama,

Naandika nikiwa nimekalia robota la mwisho la nyasi zako. Ni Jumapili, tumetoka kanisani, Baba anasinzia kwenye kiti nyuma ya nyumba, na Neema yuko nje anazungumza na kondoo. Nimefunga mlango wa stoo kwa ndani. Najua ungesema, "Wakesho, mbona unajifungia na nyasi kama panya?" Lakini humu ndani ndimo mahali pekee ambapo bado kuna harufu ya kazi ya mikono yako. Ya mikono na ya miguu pia. Nitafika huko.

Kwanza nikupe habari, kwa sababu wewe ulipenda habari zitangulie. Mtu akija akilia ulimwambia, "Niambie kwanza nani mzima." Basi, Baba ni mzima. Neema ni mzima, ameng'oka meno mawili ya mbele na anakataa kutabasamu mbele ya mwalimu wake. Mimi nimefanya mitihani ya mwisho wa muhula. Hisabati ilinipiga, Kilimo nimepita vizuri, na hilo la Kilimo linanitia aibu kwa sababu utakayoisikia. Baba ndiye anayepika sasa. Anaweka nyanya kwenye kila kitu. Juzi aliweka nyanya kwenye ndengu, kwenye mayai na kwenye mchicha siku hiyo hiyo, Neema akamuuliza kama nyanya zinakuja kutushtaki tusipozila.

Kondoo wazee wote wanane wapo. Wana-kondoo uliwaacha sita. Sasa ni watano.

Hiyo ndiyo sababu ya barua hii, Mama. Yule mwana-kondoo, Jumatatu, amekufa, na si ugonjwa uliomuua. Ni mimi. Nimekaa na maneno hayo tangu Septemba na sikuweza kuyaleta pale kaburini, kwa sababu pale kila mara kuna mtu, na wewe unanijua nilivyo mbele ya watu.

Nataka nianze na sanduku.

Baba alilitengeneza kwa mbao alizopewa kule kwenye shamba la mkonge anakofanya kazi. Halina kifuniko wala sakafu, ni kuta nne tu. Nilikuwa darasa la sita ulipoanza kulitumia. Ulisema kwenu Kasigau mlipanda mahindi miaka yote na ndovu wakavuna miaka yote, na kwamba umechoka kuwalimia ndovu, kwa hivyo hapa Voi utapanda nyasi na kufuga kondoo. Watu walicheka. Jirani yetu Mama Mutua alikuja mpaka kwenye ua akasema, "Mama Wakesho, mwaka ujao utapanda mawe?" Ukamwambia, "Nikiona mbuzi wako wanakula mawe, nitapanda."

Ulitandika kamba mbili za mkonge ndani ya sanduku, ukajaza nyasi zilizokauka, kisha ukavua viatu ukaingia ndani ukakanyaga. Unajaza, unakanyaga. Unajaza, unakanyaga. Ulishika ukingo wa sanduku kwa mikono yote miwili, leso umeikunja magotini, jasho linakutoka puani. Nyasi zikishindiliwa mpaka juu unatoka, unavuta kamba, unafunga fundo lako lile lenye masikio mawili, na robota linasukumwa nje likiwa gumu kama tofali. Sisi tulilibeba wawili wawili, mimi na Neema, na Neema alikuwa anapiga kelele kwamba anabeba peke yake.

Na ukaigawa stoo sehemu mbili. Upande wa kulia, nyasi za watoto. Upande wa kushoto, nyasi za wazee. Za watoto ulizikata mapema, Mei, kabla hazijatoa maua, zikiwa bado na majani mengi. Za wazee zilikatwa baadaye, zikiwa na mbegu na vijiti vigumu. Nilipokuuliza kama tofauti ni kubwa kiasi hicho ulisema, "Hawa wazee watakula hata fagio na watashiba. Mtoto anayekua mpe jani. Ukimpa kijiti atajaza tumbo na hatakua." Miaka minne baadaye mwalimu wa Kilimo aliandika jambo hilo hilo ubaoni, na mimi nikanyoosha mkono kwa mara ya kwanza katika kidato cha pili. Nilikuja mbio kukuambia. Ulikuwa unapepeta mahindi. Hukushangazwa na mwalimu, ulishangazwa na mkono. "Ulinyoosha? Mbele ya darasa zima?" Ukacheka ukasema, "Na wewe hata kondoo unawaonea haya."

Mwaka huu ulianza kukata nyasi ukiwa tayari umepungua. Sketi zako zilikuwa zinashikwa kwa pini. Hospitalini walikuwa wamekwisha kuwaambia, wewe na Baba, ila sisi hatukuwa tumeambiwa. Mimi nilijua tu kwamba unakaa chini mara nyingi, na kwamba ukikaa unasingizia kunoa mundu. Ulinoa mundu huo mpaka nikaogopa utaisha.

Marobota ya kwanza ya watoto yalikuwa magumu kama kawaida yako. Ya katikati yalikuwa yanabonyea kidogo. Halafu siku ile ya mwisho ulikanyaga, ukakanyaga, nyasi zikawa zinapanda tena juu kama unga wenye hamira. Ulisimama ndani ya sanduku ukaniangalia. Nilikuwa nasoma, nimekalia ndoo iliyopinduliwa.

"Acha kitabu. Ingia."

Nikakuangalia.

"Usiniangalie hivyo. Ingia, peke yangu siwezi tena kuzilaza."

Nikavua viatu nikaingia. Sanduku lilikuwa dogo kwa watu wawili, tukashikana mabega. Tulikanyaga pamoja, wewe kulia mimi kushoto, na nikahisi mifupa ya mabega yako chini ya viganja vyangu, nikatazama nyasi ili usione uso wangu. Baba akatokea kwenye kona, akasimama, akasema, "Mnacheza densi na hata redio hamjawasha?" Ulicheka mpaka ukalazimika kushika ukingo. Kisha ukafunga lile fundo la masikio mawili, ukaketi juu ya robota, na hukuinuka mpaka jua likahama.

Hilo ndilo robota ninalolikalia sasa.

Za wazee tulizifunga mimi na Baba, Juni yote, wewe ukiwa kwenye kiti ukituelekeza kwa kijiti. "Baba Wakesho, unakanyaga kama unaua siafu." Hizo zilikuwa nyasi zetu. Zile za upande wa kulia peke yake ndizo zilizokuwa zako.

Ukatuacha Julai.

Sitaandika juu ya siku zile. Nitaandika jambo moja tu. Mama mdogo alipendekeza mimi ndiye nisome wasifu wako siku ya mazishi kwa sababu nasoma vizuri. Niliandika mwenyewe, kurasa mbili. Niliposimama mbele ya watu, herufi zilikuwepo zote, niliziona, ila sauti haikutoka. Nilisimama hivyo muda mrefu. Mtu mmoja akakohoa. Mama mdogo akaja akaichukua karatasi mkononi mwangu taratibu, akaisoma yeye, na alilitaja vibaya jina la shule yako ya msingi, na mimi sikumrekebisha. Nilirudi kukaa nikawaza kwamba hata siku hiyo moja nimekuacha peke yako.

Agosti malisho yakaisha. Unajua panavyokuwa hapa kwetu, ardhi inakuwa nyekundu mpaka mtu anahisi ladha yake mdomoni. Baba akanipa ufunguo wa stoo akasema, "Wewe ndiye unayejua mpango wa mama yako." Na kweli niliujua. Uliniambia ukiwa kitandani, nikaandika: wana-kondoo sita, wameachishwa ziwa, asubuhi na jioni, nyasi ndani ya hori zisiguse chini, chumvi ya kulamba, maji masafi, robota moja la watoto kwa siku nne. "Wafikishe kwenye mvua," ulisema. "Wakifika kwenye mvua, wamepona." Marobota ya watoto yalikuwa ishirini na manne. Ulikuwa umehesabu mpaka siku ambayo usingekuwepo.

Nilifungua la kwanza. Nililikata kamba kwa panga. Mama, lilitoa sauti. Si sauti kubwa, ni kama mtu aliyebana pumzi kisha akaiachia. Lilijitanua taratibu, tabaka kwa tabaka, na katika tabaka moja la juu niliona mahali palipolala kuliko pengine, pembeni karibu na kona, pale ulipozoea kusimamia kisigino. Nikaweka kiganja changu hapo. Halafu nikaziona nyasi zikiinuka, zikiinuka polepole, mpaka pale mahali pakawa sawa na pengine pote.

Nilikaa kwenye sakafu. Niliwaza kwamba uzito wako umo humu ndani, kwamba hapa duniani haumo popote pengine, na kwamba mimi ndiye niliyepewa ufunguo ili niutoe kidogo kidogo mpaka uishe. Sikuweza.

Hilo robota la kwanza walilila likaisha. La pili sikulifungua. Siku hiyo nilichukua nyasi za wazee nikawapa wana-kondoo. Nilijiambia ni siku moja. Kesho yake nikajiambia vivyo hivyo.

Walikula. Hilo ndilo lililonidanganya. Walikula na matumbo yakajaa, tena yakawa makubwa. Kila Jumamosi niliwapima vifua kwa kamba yako yenye mafundo, kama ulivyonifundisha, na kuandika kwenye daftari. Sketi, fundo la tisa. Wiki iliyofuata, Sketi, fundo la tisa. Wiki iliyofuata, fundo la tisa. Neema ndiye aliyewapa majina, nadhani unakumbuka: Sketi, Chapati, Sufuria, Bwana Afisa, Kijiko, na Jumatatu, yule pacha mdogo ambaye mama yake hakuwa na maziwa ya kutosha, uliyemlisha kwa chupa ya soda yenye chuchu huku ukimsemesha kwa lugha ya kwenu. Na sisi hukutusemesha lugha hiyo, ulisema Baba ataona tunamsengenya.

Jumatatu alikuwa fundo la saba. Baadaye akawa la sita.

Mama Mutua alipita na kuni zake akasimama kwenye ua. "We msichana, hawa kondoo wako unawafunza kufunga na kusali? Migongo kama misumeno." Nilitazama chini. Akasema kwa sauti nyingine, "Mama yako asingewaacha hivi," akaenda zake. Alikuwa sahihi na nilimchukia siku nzima.

Baba naye aliona. Aliniuliza jioni, "Nyasi za watoto zinatosha?" Nikasema zinatosha. Hapo sikudanganya, zilitosha kabisa, zilikuwa zimepangwa mpaka darini. Akauliza, "Basi wana nini?" Na mimi, Mama, nikasema, "Kitabu kinasema dalili hizi ni za minyoo."

Kitabu. Nilitumia kitabu. Baba hakusoma zaidi ya darasa la saba, alitoka magharibi akiwa kijana kuja kukata mkonge, na kitu nikikisema nimekitoa kitabuni yeye hakiulizi tena. Kesho yake alirudi na dawa ya minyoo. Tukawashika mmoja mmoja, Baba akawafungua midomo, mimi nikamimina. Jumatatu alikuwa mwepesi sana mikononi. Alinitazama bila kupigana. Nilimnywesha dawa ya ugonjwa ambao hakuwa nao, huku chakula chake kikiwa hatua kumi nyuma ya mlango ambao ufunguo wake ulikuwa shingoni mwangu.

Alikufa baada ya siku tatu. Neema ndiye aliyemkuta asubuhi, amelala kando ya hori, mdomoni ana kijiti cha nyasi ambacho alikuwa hajamaliza kutafuna. Neema hakulia. Alikitoa kile kijiti mdomoni mwake, akakitazama, akakivunja. Kililia kama kijiti cha kuni.

Nadhani hapo ndipo alipojua. Wewe ulisema kila siku kwamba huyu mdogo anaona kama kunguru. Jioni ya siku hiyo, nilipoingia stoo, aliingia nyuma yangu kabla sijafunga mlango. Alitazama upande wa kushoto, palikuwa karibu patupu. Akatazama upande wa kulia. Alitazama mpaka juu darini. Akageuka akatoka, akangoja mpaka tulipokaa kula.

"Baba," alisema, "nyasi za watoto zimejaa mpaka juu. Jumatatu alikuwa anakula za wazee."

Baba aliacha kutafuna. Aliniangalia, na mimi kwa mara ya kwanza maishani nilitamani kuwa mtu wa kusema sana, mtu ambaye maneno yanamjia. Nilichosema kilikuwa, "Ni Mama aliyazikanyaga." Hata ngeli zilinikimbia. Nikasema tena, "Nilishindwa kuzifungua."

Alinawa mikono. Akaenda nyuma ya mlango wa chumba chenu, akarudi amekumbatia kitu, akakiweka sakafuni mbele yangu. Kamba, Mama. Kamba za mkonge. Unakumbuka kwamba kila Jumamosi alikuletea kamba, zile fupi fupi zinazobaki kiwandani, uzitumie kufungia nyasi. Hakuwa ameacha. Tangu Julai alikuwa anazileta na kuzirundika nyuma ya mlango, na hakuna hata robota moja la kufunga.

"Kengele ya kutoka ikilia miguu inanipeleka pale kwenye kamba," alisema. "Nafika hapa ndipo nakumbuka."

Kisha akasema, "Lakini kamba zangu hazijaua kondoo."

Alikuwa na haki ya kulisema. Nafikiri alilijutia papo hapo, kwa sababu alinyoosha mkono akaniwekea kichwani, mkono wake ule mgumu wenye makovu ya miiba, akauacha hapo. "Kesho kabla sijaenda kazini tutafungua pamoja," alisema. "Wote watatu."

Asubuhi nikaja na panga. Akaliondoa mkononi mwangu. "Usikate. Hili ni fundo lake, linafunguka ukilijua." Akapiga magoti, akalivuta sikio moja, akalegeza, akavuta la pili, na kamba ikatoka nzima, kisha ya pili vivyo hivyo. Robota likaachia ile pumzi. Neema akalisikia, akasema, "Lahaula, linapumua," na Baba akasema, "Ndiyo. Lilikuwa limechoka kungoja." Akazizungusha zile kamba kiganjani akazitundika ukutani kwenye msumari. Tangu siku hiyo sijakata hata moja. Zote zipo hapa ukutani, mbili mbili kwa kila robota. Nikiinua macho naziona.

Mpango wako niliuvuruga, Mama. Wana-kondoo walikuwa wamekula za wazee, kwa hivyo Oktoba wazee hawakuwa na kitu, ikabidi wale nao za watoto. Tuliwapa kidogo, tukawaongezea maganda ya migunga ambayo Neema aliokota kila jioni mpaka vidole vikawa vyeusi. Nimefanya hesabu kila siku. Nimeogopa kila siku. Lakini wana-kondoo watano wamekula majani, majani bado ya kijani, Mama, katikati ya robota yalikuwa ya kijani kama siku uliyoyakata. Sketi yuko fundo la kumi na mbili. Bwana Afisa ameanza kupiga watu vichwa. Kijiko alikuwa wa mwisho kushika mwili, nikadhani naye ataenda, lakini wiki iliyopita aliruka ukingo wa hori kwa upumbavu tu, bila sababu, na Baba akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia tangu Julai.

Na kuna jambo nililoliona nikiendelea kufungua. Yale magumu yaliisha kwanza, kisha yakaja yanayobonyea, kisha yale ya mwisho mwisho yaliyofungwa kwa nguvu kidogo. Nilikuwa nasoma ugonjwa wako kutoka robota hadi robota. Ulijua unakwisha nguvu na ukaendelea kuingia ndani ya sanduku. Hukuwa unahifadhi uzito wako humu ili mimi niulinde. Ulikuwa unawapa wale watoto kila ulichobakiwa nacho, na mimi nikasimama mlangoni nikazuia. Hilo ndilo ninalokuomba unisamehe, kuliko hata Jumatatu. Yeye nimemwomba mwenyewe, nyuma ya zizi, pale Baba alipomzika.

Kitu kingine. Ule wasifu, nimeusoma. Jumanne iliyopita nilisimama mbele ya hori wakati wanakula, nikatoa zile kurasa mbili, nikausoma kwa sauti tangu mwanzo mpaka mwisho, na jina la shule yako nikalitaja sawasawa. Kondoo kumi na watatu walisikiliza. Chapati alijaribu kula ukurasa wa pili. Nilipomaliza nikageuka, nikamkuta Mama Mutua amesimama kwenye ua na kuni zake kichwani, amesikiliza yote. Nilitaka ardhi inimeze. Akasema, "Kumbe una sauti." Kisha akasema, "Jumapili moja utausomea kanisani." Nikamwambia nitajaribu. Sijui kwa nini nilimwambia hivyo, lakini nimekwisha kusema.

Alhamisi mvua ilinyesha. Si ya kuonyesha mtu, ya kulaza vumbi tu, lakini Ijumaa ikarudi na Jumamosi ikanyesha usiku kucha, na leo asubuhi mlima wa Sagalla haukuonekana kwa mawingu. Kwenye shamba lako nyasi zimeanza kuchomoza. Ni fupi, hata ulimi wa kondoo hauzishiki. Baba anasema siku nne au tano hivi, ndipo watapata cha kuuma.

Siku nne. Robota moja ni siku nne, tukiwapa watoto peke yao. Unaona ulivyohesabu? Hata baada ya makosa yangu yote, bado limebaki moja. Wazee watakula fagio kidogo, kama ulivyosema.

Wameanza kulia huko nje. Uliniambia, "Ukisikia wanalia kabla hujafungua mlango, ujue wamekujua." Wananijua sasa, Mama. Neema anagonga mlango. Anasema, "Dada, umelala? Sketi anakula kamba ya kuanikia nguo." Lazima nimalize.

Nyasi za mvua hii nitazikata kabla hazijatoa maua. Nitazianika siku mbili na kuzigeuza, nisizifunge zikiwa na umande zikaota kuvu. Tutatumia kamba zako hizi zilizo ukutani kwanza, kisha za Baba. Nitavua viatu niingie ndani ya sanduku mimi mwenyewe, na Neema akiwa mkubwa kidogo ataingia pia tushikane mabega. Nitagawa stoo, kulia watoto, kushoto wazee. Na kila nitakachokifunga nitakifungua wakati wake ukifika. Hiyo ndiyo ahadi yangu, sina nyingine kubwa kuliko hiyo.

Kwaheri, Mama. Sikuisema Julai. Sauti haikutoka.

Nashuka sasa kutoka juu ya robota, kwa sababu nimekalia chakula chao. Nimeshalishika sikio moja la fundo. Linalegea.

Binti yako,
Wakesho